Hela, sarafu ya mji wa chumvi

Nilikuwa darasa la sita mwalimu wa Kiswahili aliponirudishia daftari la insha likiwa na mstari mwekundu juu ya neno moja. Nilikuwa nimeandika, "Mama alinipa hela nikanunue chumvi." Kalamu ilikata "hela", na juu yake mwalimu akaandika kwa mwandiko wake mzuri, "fedha". Pembeni akaongeza: lugha ya mitaani.

Jioni ile, nikitaka kuonesha kwamba somo limeniingia, nikamwambia mama, "Mama, naomba fedha ya chumvi." Aliacha kupepeta mchele, akanitazama kama mtu aliyesikia hodi ya mgeni asiyemtarajia. "Fedha? Kwani unakwenda benki?" Kisha akafungua pindo la khanga, akatoa sarafu zikiwa na joto la mwili wake. "Shika hela hiyo, wahi kabla Mangi hajafunga duka."

Sijawahi kukubaliana na ule mstari mwekundu. Nimekaa na neno hili miaka mingi, nikilifuata lilikotoka na kusikiliza watu wanavyolitumia, na kadiri ninavyolijua ndivyo ninavyozidi kuona kwamba mama alikuwa na Kiswahili sahihi kuliko daftari langu lililosahihishwa.

Lilikotoka ni mbali. Kusini mwa Ujerumani, kando ya mto Kocher, kuna mji uitwao Schwäbisch Hall. Zamani uliitwa Hall tu. Ulikua kwa sababu ya chemchemi ya maji ya chumvi. Watu waliyachemsha maji yale hadi yakakauka, ikabaki chumvi, na chumvi ikawatajirisha. Mji wenye biashara haukosi kutaka sarafu, na katika karne ya 12 palikuwa tayari na watu wanaogonga vijisarafu vyembamba, upande mmoja vikiwa na mkono uliofunguliwa, upande wa pili msalaba. Wanunuzi wa miji mingine wakaziita kwa jina la zilikotoka, sarafu za Hall, na kwa Kijerumani jina hilo likatua kuwa Heller.

Mwanzoni zilikuwa na fedha ndani yake, maana yake ile madini nyeupe. Lakini kila kizazi cha watawala kilipunguza fedha na kuongeza shaba, hadi Heller ikawa jina la sarafu ya chini kabisa, ya kununulia vitu vya mkononi. Mjerumani akitaka kusema mtu hana kitu, husema hana hata Heller nyekundu, na nyekundu hiyo ni rangi ya shaba. Ujerumani ilipounganishwa katika miaka ya 1870 na kuwa na sarafu moja ya marki, Heller ikakosa nafasi. Ilibaki kwenye misemo.

Ni sarafu hiyo iliyokwisha kustaafu kwao ambayo Berlin iliifufua mwaka 1904 kwa ajili yetu. Kabla ya hapo, kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imetengeneza rupia zake kwa kuiga mfumo wa India, rupia moja ikiwa na pesa 64. Ndiyo, pesa: kati ya 1890 na 1892 waligonga sarafu za shaba za thamani hiyo, upande mmoja tai wa Kijerumani, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Hesabu ya 64 iliwachosha makarani waliozoea mia. Hivyo wakaamua rupia moja iwe na Heller 100. Zikaja nusu Heller na Heller moja, baadaye za 5 na za 10, nyingine zikiwa na tundu katikati. Ulimi wa Kiswahili haupendi neno liishie kwa konsonanti, ukaondoa ile r ya mwisho, na hela ikazaliwa.

Haikuja kwa upole. Tangu 1898 utawala wa Kijerumani ulikuwa umeanza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kibanda cha kawaida. Kwa sarafu mpya hizo ni hela 300. Mkulima aliyelima mtama wake na kubadilishana na mwenzake kwa samaki au jembe sasa alitakiwa awe na kitu kisichoota shambani. Alikipata kwa kuuza mazao, kwa kubeba mizigo ya watu, au kwa kibarua cha reli na mashamba ya walowezi. Mwaka mmoja baada ya hela kuingia, mwezi Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Matumbi waling'oa miche ya pamba waliyolimishwa kwa nguvu, na Vita vya Maji Maji vikawaka kusini yote hadi 1907. Hela haikuwasha vita vile. Lakini neno liliingia mdomoni mwa wazee wetu katika miaka ile ile ambayo migongo yao ilikuwa na alama za kiboko, na anayelichambua hana budi kulijua hilo.

Halafu ikaja Vita Kuu. Waingereza wakaziba bahari, shehena za sarafu kutoka Ulaya zikakoma. Wajerumani wakagonga zao Tabora mwaka 1916: hela 5 na hela 20 za shaba, na kipande cha dhahabu cha rupia 15 chenye picha ya tembo, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora. Waingereza waliopewa Tanganyika wakaleta shilingi na senti mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa sheria, hela ilikuwa imekufa. Ilikuwa imetumika kama sarafu kwa muda mfupi kuliko umri wa mtoto wa kubalehe.

Jambo linalonishika hapa ni kwamba watu hawakuiacha. Waliiacha rupia, iliyokuwa kubwa kuliko hela mara mia. Ndugu zao wa pwani waliiacha riale ya Maria Theresa, ile ya fedha yenye tarehe ya 1780 milele, iliyotumika kuanzia Uhabeshi hadi Zanzibar. Pauni nayo haikupata kuwa jina la jumla. Lakini hela, sarafu ya shaba ya chini, ikapanda ikawa jina la kila kiasi, kuanzia nauli ya mwanafunzi hadi mabilioni ya mtaji.

Na haiko peke yake. Pesa ilitembea njia hiyo hiyo. Asili yake ni paisa ya Bara Hindi, kisarafu cha shaba ambacho Sayyid Said alikiagiza kwa wingi katika miaka ya 1840 ili Zanzibar wapate cha kununulia vitu vidogo, kwa kuwa riale ilikuwa kubwa mno kwa mtu anayetaka fungu la mchicha. Ilikuwa sehemu moja ya 64 ya rupia. Leo ni jina la fedha zote katika Kiswahili cha Kenya na Zanzibar, na tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 limeandikwa kwenye kuta za vibanda visivyohesabika.

Maneno mawili ya kila siku, basi, kutoka nchi mbili zisizohusiana, na yote mawili ni ya sarafu ndogo ya shaba. Sioni hapo bahati nasibu. Rupia na riale zilikuwa mali ya mfanyabiashara wa karafuu, tajiri wa misafara, afisa wa kodi. Mama wa Kilwa au Kigoma alikutana nazo mara chache, na aghalabu zilipokuwa zikitoka mkononi mwake kwenda kwa mtu mwenye bunduki. Kilichokaa mkononi mwake kila siku ni kile kipande chekundu: cha chumvi, cha dagaa, cha mafuta ya taa. Jina la jumla lilitungwa na wanaonunua kidogo kidogo, kwa sababu wao ndio wengi, na ndio wanaohesabu mara nyingi zaidi.

Sasa litazame neno ambalo mwalimu wangu aliliona safi. Fedha ni Kiarabu, fidha, yaani yale madini meupe yenyewe, ndiyo maana mwanariadha wa pili hupewa medali ya fedha. Ni neno la riale na rupia, la wenye sanduku. Hata methali inalijua hivyo: fedha ilivunja nguu, milima ikalala. Nguvu ya kuvunja mlima si ya senti za genge. Kwa hiyo Kiswahili kimeweka madini mawili katika tabaka mbili bila mtu yeyote kukaa kikao. Serikalini ni madini meupe, jikoni ni mekundu. Tuna Wizara ya Fedha. Jaribu kusema Wizara ya Hela uone watu watakavyocheka, kisha jiulize kicheko hicho kinatoka wapi.

Sikiliza pia vitenzi. Fedha hutengwa, huidhinishwa, hukasimiwa, hurejeshwa Hazina. Hela hutafutwa. Hela hukopwa, huazimwa, hupotea sokoni, hutumwa kijijini, hukata katikati ya mwezi. Mtu husema "sina hela" akiwa amesimama mlangoni mwa mtu. "Sina fedha" ni sentensi ya barua. Hela ya mboga, hela ya nauli, hela ya dawa, hela ya sare. Kila moja ina mtu anayeisubiri. Na neno limekubali maumbo yote ya nyumbani: ukilikuza ni mahela, ukilidogosha ni vijihela, na mtoto wa miaka minne hakosei kusema hela yangu, hela zangu. Neno linalokuzwa na kudogoshwa hivyo limeshapata uraia.

Anayesema linachafua Kiswahili kwa kuwa ni la mkoloni anakosea mara mbili. Kwanza, kwa kipimo hicho tungebaki bila neno la kulipia kitu: fedha ni ya Waarabu, pesa ni ya Wahindi, shilingi ni ya Waingereza, senti ina mizizi ya Kilatini. Pili, neno shule nalo ni la Kijerumani, Schule, na hakuna mwalimu aliyewahi kulikata kwa wino mwekundu. Tofauti ya mawili hayo inafundisha. Shule lilibebwa na vitabu na ofisi. Lilivuka mpaka, na leo mtoto wa Nairobi husema shule ingawa Mjerumani hakumtawala babu yake, huku Zanzibar wakishikilia skuli yao ya Kiingereza. Hela halikubebwa na kitabu chochote. Lilitembea kwa miguu, kutoka kinywa hadi kinywa, nalo likaishia pale watu waliposhika sarafu yenyewe. Mkenya husema pesa. Lakini nenda Burundi, iliyokuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani hadi 1916, ukaulize fedha zinaitwaje kwa Kirundi. Utasikia amahera. Ramani iliyofutwa zaidi ya miaka 100 iliyopita bado inasomeka sokoni Bujumbura, bila wino.

Thamani kubadilika na jina kubaki ni tabia ya zamani ya maneno ya sarafu. Thumni kwa Kiarabu ni sehemu ya nane, na wazee waliitumia kwa sehemu ya nane ya riale. Riale ikaondoka, jina likahamia senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi na wala si thumni yake. Waliokuwa wadogo baada ya Benki Kuu ya Tanzania kutoa sarafu zake mwaka 1966 wanaikumbuka, yenye sungura. Shilingi 5 tuliiita dala, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 makondakta wa Dar es Salaam wakawa wanaita abiria kwa nauli hiyo, dala, dala, hadi gari lenyewe likaitwa hivyo. Na dala ni dola, na dola ni thaler, na thaler ni kifupi cha Joachimsthaler, sarafu ya Joachimsthal, mji wa machimbo ya fedha huko Bohemia, kwenye Jamhuri ya Czech ya leo. Kwa hiyo anayesema "sina hela ya daladala" ametaja miji miwili ya Ulaya ya kati kwa pumzi moja, na hana habari, wala hahitaji kuwa nayo. Wenzetu wa Kenya walifanya vilevile kwa matatu, jina lililotoka kwenye nauli ya senti kumi kumi tatu. Nauli zilishapanda mara nyingi tusizoweza kuhesabu. Majina yamekaa.

Mambo haya yangebaki ya kufurahisha tu kama yasingegusa namna tunavyosimamia mali yetu. Mwaka 2008 waziri mmoja wa Tanzania aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni 1 zilizokuwa kwenye akaunti yake nje ya nchi. Akaziita vijisenti. Nchi nzima ilishtuka, na nakumbuka kwamba mtaani kwetu lililouma zaidi ni lile neno kuliko kile kiasi. Watu walihisi wameibiwa mara ya pili. Senti ni ya mama anayepanga nyanya mafungu matatu matatu, kudogosha ni haki ya mtu mwenye kidogo anayesema kwa unyenyekevu, "nina vijisenti vyangu hapa." Mwenye mamilioni alipolichukua neno hilo alivaa nguo ya mtu mwingine, na kila mtu aliona haimkai.

Upo upande wa pili wa jambo hilo hilo. Ripoti za ukaguzi kila mwaka huandikwa kwa lugha ya madini meupe: matumizi yasiyozingatia utaratibu, fedha za umma zisizo na viambatisho. Huo umma ni nani? Fedha hizo zilitoka mfuko gani? Msomaji hupita juu ya sentensi kama anavyopita juu ya tangazo la zabuni. Kijiweni habari hiyo hiyo huwa na maneno matatu: wamekula hela zetu. Hapo kuna mlaji, kuna kilicholiwa, kuna mwenye nacho. Naamini kabisa kwamba diwani angejibu swali tofauti kama katika kikao cha kijiji angeulizwa kuhusu "hela zetu za zahanati" badala ya "fedha zilizotengwa kwa ajili ya ujenzi wa zahanati." Neno la kwanza lina watu ndani yake. La pili limeshawatoa nje na kufunga mlango.

Ndiyo maana sitaki mtoto mwingine akatiwe neno hili. Mwalimu anaweza kumfundisha kwamba barua ya kuomba kazi hutaka fedha, na hadithi ya mama na chumvi hutaka hela, na kwamba kujua ipi inakaa wapi ndiyo ufundi wenyewe wa lugha. Kamusi zetu zimeliingiza siku nyingi. Ni sisi tulioendelea kuliambia lisubiri barazani.

Huko lilikotoka halimnunulii mtu kitu tena. Austria na Hungaria waliirudisha Heller mwaka 1892 kama sehemu ya mia ya sarafu yao, na Wacheki waliirithi kwa jina la haléř, lakini kipande chao cha mwisho kiliondolewa mwaka 2008. Schwäbisch Hall sasa hutumia euro. Kwa Wajerumani ni neno la misemo na makabati ya makumbusho. Linaloishi, linalotafutwa asubuhi na kukopwa jioni, ni la kwetu.

Mwaka juzi nilikuwa Bagamoyo, kijana mmoja akanitandikia kitambaa chenye vitu vya kale: funguo, shanga, vipande vya vyombo. Katikati palikuwa na sarafu iliyopauka rangi ya kijani ukingoni. Niliifuta kwa kidole gumba. Taji la Kaisari, maneno Deutsch Ostafrika, mwaka 1905, upande wa pili namba 1 na neno HELLER ndani ya majani, na herufi ndogo J, alama ya kiwanda cha Hamburg. "Hiyo ni hela ya Mjerumani, kaka," kijana akasema. "Nipe elfu kumi." Nilimpa bila kupunguza bei.

Nilipokwenda kumsalimia mama niliiweka kiganjani mwake. Nikamweleza yote: mji wa chumvi, rupia na hela zake mia, Tabora, Burundi. Alisikiliza hadi mwisho, akaigeuza upande huu na upande ule, akaisogeza karibu na jicho lake zima. Hakuuliza kitu. Alifungua pindo la khanga, akaiweka humo pamoja na nyingine, akafunga fundo.